Ahadi ya Usukani

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Mkabala na maegesho ya malori.
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, mgongo umetulia, na yale macho yaliyokuwa yakikuwasha yamepona. Unakula vizuri? Unalala? Mama amesema nikuulize hayo mawili kwanza kabla ya jambo lolote, kwa sababu ukiulizwa kwenye simu unajibu kama mtu anayekimbilia kufunga mlango.

Huku hatujambo. Goti la Bibi humsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anakwenda mpaka dukani na kurudi na habari za mtaa mzima. Mama mzima. Baba naye mzima wa mwili, ila siku hizi amekuwa mkimya, na sababu yake utaiona humu ndani.

Utajiuliza kwa nini ninaandika na simu ipo. Unajua mwenyewe nilivyo. Simu yako ikiingia, Bibi anaidaka kwanza, kisha Mama anapaza sauti kana kwamba wewe uko ng'ambo ya mto, na ikifika kwangu ninasema, "Shikamoo, nzuri, ndiyo, haya," basi. Maneno yote niliyoyapanga wiki nzima yanabaki kooni. Kwenye karatasi hakuna mtu anayenitazama mdomoni. Barua ataibeba Kinyozi, yule rafiki wa Baba aliyekuwa akiwanyoa madereva maegeshoni kabla hajapata lori lake mwenyewe. Atamkabidhi mwenzake mpakani, na huyo mwenzake atamkabidhi mwingine, hadi ikufikie. Ameniomba nisiipulizie bahasha manukato, mke wake asije akaikuta mfukoni.

Nimemaliza shule. Sketi ya shule Mama ameshaifumua, ameishona kuwa mto wa kukalia kwenye cherehani. Nilipoona hivyo ndipo nilipoamini kwamba kweli nimemaliza. Wenzangu wanaulizana watakuwa nani. Mimi sikuulizwa na mtu, kwa kuwa hapa nyumbani jibu linajulikana tangu zamani. Nimekuwa nikihesabu madarasa kwa ajili ya siku hii, Baba Mdogo. Sasa imefika, na wewe hupo.

Najua hujasahau. Nilikuwa mdogo, umenisimamisha juu ya ngazi ya lori, mikono yangu imeshika kioo cha pembeni. Ukamwambia Baba, "Kaka, huyu ni wangu. Akimaliza shule tu, ninamfundisha mimi." Baba akasema, "Kwani kuna mwingine?" Mama akacheka, akasema mnanigawana kama kipande cha turubai. Baada ya hapo ukapata kazi huko ulipo, ukaondoka.

Desturi yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini niiandike ili uone nimeielewa vipi. Mzazi hamfundishi mwanawe usukani. Uliyemfundisha ndiye atakayemfundisha mtoto wako, na fadhila hiyo hailipwi kwa kitu kingine. Wewe ulifundishwa na Baba. Mtoto wa Baba ni mimi peke yangu.

Baba hupenda kusimulia ulivyojifunza, hasa akiwa na wageni. Anasema mwanzoni hukugusa hata mlango wa dereva. Ulikuwa utingo wa kuosha magurudumu, kuweka kabari, na kugonga matairi kwa chuma ukisikiliza lipi limepungua upepo. Ukafundishwa kufunga turubai mpaka mafundo yako yakawa hayafunguki, na Baba akakuita majina yasiyoandikika kwenye barua. Uliposhika usukani alifunika mishale yote ya vipimo mbele yako kwa kitambaa. Alisema gia inasikilizwa, haisomwi. Ukibadilisha kwa kuchelewa, Mama Mkwe, lori lenu, alikuwa anaguna, na Baba anaguna pamoja naye. (Bibi hadi leo hapendi jina hilo. Anasema kama lori linalalamika kila kilima, basi mngeliita jina la mmoja wenu.)

Na hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya siku Baba alipopanda kitanda cha nyuma ya viti. Mwalimu akilala wakati mwanafunzi anaendesha, mwanafunzi amehitimu. Baba anasema uliendesha polepole kwa hofu hadi akina mama wenye baiskeli wakawa wanawapita. Akakuuliza kutoka kitandani, "Mdogo wangu, umenibeba mimi au umebeba mayai?" Siku hiyo hakulala. Safari iliyofuata akakoroma kutoka mji hadi mji, na wewe ukawa unalia huku unaendesha, kwa furaha. Je, ni kweli ulilia? Baba anaapa kwamba ulilia. Mimi nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba nikifumba macho ninausikia mkoromo wenyewe, ila ninayeshika usukani ni mimi, na anayekoroma ni wewe.

Maegesho hungeyatambua. Zamani nikirudi shule nilikuwa ninawakuta madereva wameketi kwenye duara kati ya malori, jiko moja, sufuria moja, mmoja anakatakata vitunguu na mwingine anadanganya. Mlikuwa mnaulizana daraja gani limebomoka na mlima gani una utelezi. Sasa kila mtu anakula peke yake ndani ya kabini, pazia limefungwa, simu mkononi. Habari za barabara wanazisoma humo. Wanapishana bila hata kuwashiana taa. Kinyozi anasema juzi alimwashia taa dereva mmoja kijana kumsalimu, kijana akasimamisha lori pembeni na kushuka kuangalia kilichoharibika.

Malori mapya hayana majina. Dereva analiacha jioni, asubuhi linachukuliwa na mwingine, kwa hiyo nani atalipatia jina? Utingo wameondolewa, kampuni imesema kabini ni ya mtu mmoja. Mama naye hashoni tena maturubai, maana mizigo inakuja ndani ya makontena. Anashona vitambaa vya viti na mapazia ya kabini. Anasema kazi ni nyepesi, haimuumizi vidole, lakini nimemwona akipita kwenye lori la zamani anashika ukingo wa turubai na kutazama mshono, kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye kundi la wanafunzi.

Kuna pia kamera. Inamtazama dereva usoni safari nzima. Ukipiga miayo inalia, ukigeuka inalia. Wamemfungia Baba kamera hiyo hata kwenye Mama Mkwe. Siku moja akapigiwa simu na ofisi, akaambiwa ameonekana anazungumza na simu huku anaendesha. Baba akawaambia, "Nilikuwa ninaimba." Yule wa ofisini akasema, "Mzee, kamera haijui kuimba. Funga mdomo tu, tusisumbuane." Tangu siku hiyo haimbi. Nilidhani haimbi barabarani tu, lakini hata akioga ni kimya. Huo ndio ukimya niliokwambia.

Halafu ikaja habari ya Mama Mkwe mwenyewe. Mwisho wa mwezi huu anaondolewa. Hatapewa dereva mwingine, atafunguliwa na kuuzwa vipandevipande. Ni lori la mwisho la gia za mkono katika kampuni nzima. Baba aliitwa kujifunza yale mapya yasiyo na klachi. Alirudi akaketi barazani, akaniambia, "Mwanangu, mguu wa kulia una kazi. Huu wa kushoto siku nzima unakanyaga hewa. Umestaafu kabla yangu." Nikacheka, naye akacheka, kisha akausugua mguu ule kama unauma.

Uliposema kwenye simu mwezi uliopita kwamba mwaka huu pia hutaweza kuja, hakuna aliyekulaumu. Tunajua kazi haiachwi kama kiatu mlangoni. Mimi nilikwenda nyuma kuanika nguo zilizokuwa zimekwisha kukauka. Lakini Baba aliona, kwa sababu Jumamosi iliyofuata aliniamsha asubuhi, akasema, "Vaa viatu vya kufunga kamba. Twende."

Alinipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali. Akashuka, akazunguka, akapanda upande wa kushoto, kwenye kiti chako cha zamani cha utingo. Sijawahi kumwona ameketi pale. Alionekana mdogo. Akasema, "Desturi imewekwa na watu. Lori likiondoka, desturi itakaa wapi? Shika usukani."

Baba Mdogo, ninaona aibu hata kuandika. "Kanyaga klachi," akasema. Nikakanyaga. "Sio hiyo, hiyo ni breki! Samahani. Samahani, mwanangu, kanyaga klachi." Nikakanyaga. "Sasa iachie taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia." Nikaiachia, Mama Mkwe akaruka kama amechomwa sindano, na kichwa cha Baba kikagonga paa. Akanikaripia. Kisha akaniomba radhi kwa kunikaripia. Kisha akanikaripia kwa kuitikia radhi badala ya kutazama mbele.

Tulipoanza kwenda ikawa vibaya zaidi. Kulikuwa na pipa tupu mwisho wa uwanja, mbali kabisa, na mimi nilikuwa nimeliona. Baba akaudaka usukani. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu, pasipo na breki yoyote, hadi kiatu kikakwama chini ya kiti. Mwishowe nikawa mimi ninageuza usukani na yeye anabadilisha gia kwa mkono wake, tena bila kuniambia. Tukawa madereva wawili wa lori moja, na lori halikujua limtii nani. Likazimika.

Alishuka. Akazunguka akigonga matairi moja moja, nami niliyasikia yote, yalikuwa mazima. Aliporudi alisimama chini ya dirisha langu. Akasema, "Waliosema mzazi asimfundishe mwanawe hawakuwa wajinga. Nikikutazama hapo juu ninakuona unatambaa. Mtu hampi lori mtoto anayetambaa." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akaendesha yeye kurudi nyumbani, na njia nzima alikuwa anabadilisha gia kwa sauti, yaani ananitajia, "Sikia. Sasa. Umesikia?" Nilikuwa ninasikia kidogo. Nilitamani njia iwe ndefu.

Sasa habari njema, ili usidhani barua yote ni masikitiko. Nimepata nafasi katika mafunzo ya kampuni. Tunaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Wasichana wanachukuliwa, tena wanaombwa waje. Mama aliniambia, "Usiyalilie mno ya zamani. Zamani ungeishia kunishikia turubai nishone." Ni kweli, nami nimelifikiria sana neno hilo. Nani angenichukua niwe utingo, nilale chini ya tela porini? Hata wewe ungeniahidi tu, halafu mngeanza kutafuta visingizio. Usikasirike, ninatania.

Walituita siku moja kutuonyesha. Ni chumba kisafi, kuna kiti, usukani na kioo kikubwa kinachoonyesha barabara. Mkufunzi ni dada mpole, anaeleza mara moja na ukikosea anaeleza tena bila kukugunia. Zamu yangu ilipofika niligonga kituo cha mafuta. Kioo kikawa chekundu, wenzangu wakacheka, mmoja akasema, "Dada, umetuunguza wote!" Mkufunzi akabonyeza kitufe, kituo kikasimama tena. Nikaendelea, na mwishoni nikapata alama nzuri kuliko wengi. Ila hakuna uzito, Baba Mdogo. Hakuna kinachotetemeka kwenye magoti. Nilipoteremka kwenye kiti kile nilitazama upande wa kushoto, na kulikuwa na ukuta mweupe tu.

Nililieleza hilo mezani jioni ile, kwa kuwa Mama aliniuliza. Labda ningenyamaza. Baba aliweka kijiko chini, akasema, "Mwandikie baba yako mdogo. Mwambie nimemwachilia. Mtoto amepata pa kujifunzia, lori lenyewe linaondoka, yeye ana maisha yake huko. Asihangaike tena kwa sababu ya neno alilolisema ujanani."

Mwalimu akisema hivyo, imekwisha. Hata mimi ninajua.

Bibi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Umemkata kamba mwanangu." Baba akamwambia, "Mama, nimemtua mzigo." Bibi akasema, "Ndio huohuo uliokuwa unamvuta huku. Sasa atarudi kwa sababu gani?" Bibi alikwenda kulala na chakula chake hakukimaliza, nami niliosha vyombo polepole ili nisirudi mezani.

Basi ujumbe wa Baba nimekufikishia kama alivyousema, sikupunguza wala sikuongeza. Usidhani alisema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekufungulia mlango ili usichelewe.

Bibi anakusalimu, anasema dua zake kwako hazijawahi kuruka siku. Mama anakusalimu na anauliza kama lile pazia la kabini alilokutumia lilitosha. Kinyozi anakusalimu, anasema nywele zako huko bila shaka zinanyolewa na watu wasiojua kichwa chako. Baba nilipomuuliza salamu zake alisema, "Mwambie aangalie barabara." Unajua kwake hilo ni neno la mapenzi.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeifunga kalamu, nimeifungua tena.

Baba amekuachilia kwa upande wake, na hiyo ni haki yake kwa sababu ndiye aliyekufundisha. Lakini aliyeahidiwa alikuwa amesimama juu ya ngazi, na hakuna aliyemuuliza. Mimi sikuachilii. Ninakuomba radhi kwa kusema hivi, sijawahi kumwambia mtu mzima maneno ya namna hii, na kama ungekuwa mbele yangu nisingeweza. Sikwambii uache kazi. Sikwambii mwaka huu wala mwaka ujao. Nitasoma mafunzo ya kampuni kwa bidii, nitapata leseni, nitaendesha hayo malori yasiyo na majina na kamera initazame mpaka ichoke. Mama Mkwe atakuwa ameondoka, najua. Utanifundisha kwenye lori lolote, hata la kuazima, hata bovu, mradi wewe uwe kiti cha kushoto, uchoke, upande kitandani ulale.

Madereva wa zamani wakikutana na mgeni bado wana swali lao moja kabla ya kumuuliza anatoka wapi: "Nani alikufundisha?" Wataniuliza na mimi. Sitawatajia kampuni, wala kile chumba chenye kioo. Nitawajibu kwamba mwalimu wangu yuko njiani.

Mungu akulinde kwenye kila kona, akupe afya na usingizi wa kutosha, na akurudishe kwetu mzima kama ulivyoondoka.

Ni mimi ninayekupenda na kukungoja,
Binti yako.